Nondo wa dirishani kwako, na lile kopo

Mwanangu,

Picha nimeipata. Umeuliza: "Baba, huyu ni nondo gani, na je, nipulize dawa shambani?" Umesema ulimkuta kwenye kioo cha dirisha usiku wa mvua ya kwanza hapo Dodoma, na asubuhi mkawahesabu wenzake zaidi ya kumi wamejibanza ukutani chini ya taa. Nimeitazama picha mchana, nikaitazama tena usiku mama yako alipolala. Amefunga mabawa. Rangi yake ni kijivu iliyochanganyika na kahawia, kama vumbi la njiani, na nondo wa rangi hiyo ni wengi mno.

Kwa hiyo nianze na swali nililokuwa nikikuuliza tangu mdogo: kuna nyasi gani karibu? Nondo hatambuliwi kwa mabawa peke yake, hutambuliwa kwa nyasi alizokulia. Nimelisema mara nyingi na nitaendelea kulisema. Yule ambaye wataalamu humwita *Spodoptera exempta*, nondo wa viwavijeshi wetu wa asili, watoto wake hula jamii ya nyasi na karibu hawagusi kingine: ukoka, nyasi za malishoni, uwele, mtama, mpunga, mahindi. Mahindi nayo ni nyasi, ingawa sisi tunayapanda kwa mistari. Kumbuka shamba la bibi yako mwaka ule. Mahindi yalibaki uti wa jani tu, na kunde alizozichanganya humo zimesimama kijani kibichi, hazina hata tundu. Bibi yako hakuhitaji bwana shamba kumwambia nani amepita hapo.

Hao kumi wa dirishani huenda hawakuzaliwa Dodoma kabisa. Nondo hawa huruka usiku na kufuata upepo, na kwa siku chache wanaweza kwenda mamia ya kilomita. Mvua ya radi ikikutana nao, pepo zake huwakusanya na kuwashusha mahali pamoja. Ndiyo maana kwenye mtego wa nondo niliokuwa nautunza kazini nilikuwa nakaa wiki nzima napata wawili, watatu, kisha mvua inanyesha usiku mmoja na asubuhi chombo kimejaa. Na wote ni madume, kwa sababu chambo cha mtego kina harufu ya jike. Nilikuwa naandika idadi ya nondo upande huu wa daftari na milimita za mvua upande ule, na ukizisoma pamoja unaanza kuona kinachokuja.

Lakini wakati wa kiangazi je, wanakuwa wapi? Hapo ndipo picha yako iliponirudisha kwenye lile kopo.

Najua unalikumbuka. Ulikuwa na miaka tisa. Wazee walikuwa wamekuja barazani kuniuliza habari za mtego, ukaja umekunja kiganja, umebeba viwavi vidogo vya kijani ulivyovitoa kwenye mashina ya ukoka nyuma ya kisima. Ukauliza, "Baba, hivi ni viwavijeshi?" Nikakujibu mbele ya wazee wale kwamba kiwavijeshi ni mweusi na hutembea kwa makundi, hao ni wadudu wa nyasi tu, kawatupe. Hukuwatupa. Ukaenda ukatafuta wengine, ukawajaza kwenye kopo la maziwa ya unga, ukatoboa kifuniko kwa msumari, na kila asubuhi kabla ya shule unawapa ukoka mbichi. Walikuwa kama thelathini mle ndani, wanapandana.

Baada ya kujivua ngozi mara kadhaa, ukaniletea kopo. Wengi walikuwa weusi, wana mistari myembamba ya rangi ya maziwa ubavuni, na hawakutulia hata kidogo. Nami nikakwambia umewabadilisha. Nikasema umeokota wengine mahali ukawaweka humo ili uonekane umeshinda. Hukujibu. Ulichukua kopo lako ukaondoka, na nilikuona mgongo tu.

Ulikuwa sahihi. Ni mdudu mmoja. Akikua peke yake nyasini huwa kijani au kahawia, hukaa chini kwenye shina, mpole, huwezi kumwona usipofunua majani kwa mkono. Wakisongamana tangu wadogo, wakigusana kila wakati, hugeuka weusi, hupanda juu ya majani kwenye jua na hula bila kupumzika. Weusi ule huwasaidia kushika joto wakue upesi, na hata magonjwa huwashinda kwa shida zaidi. Kopo lako lilifanya vile msongamano wa malishoni unavyofanya. Wale wa kijani ndio wanaobaki kiangazi, wachachewachache, mahali penye kaunyevu kidogo.

Wakati mwingine najitetea kwamba sikuwa nimefundishwa. Hapana, si kweli. Kijitabu cha mafunzo kilikuwa kabatini, na ukurasa wa viwavi wa kijani na weusi ulikuwamo. Niliusoma haraka haraka kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuhesabu nondo. Kisha najiambia kwamba hata ningekusikiliza, shamba la bibi yako lisingepona, kwa kuwa nondo walioliangamiza waliletwa na upepo kutoka mbali, si wale thelathini wa kisimani. Hilo nadhani ni kweli. Lakini sikukosea kuhusu shamba, nilikosea kukuita mwongo. Mtu aliyefunua nyasi kwa mkono wake nilimpima kwa rangi niliyoizoea mimi. Nisamehe, mama. Nimechelewa miaka mingi kuliandika.

Sasa nondo wako. Akifa mmoja, mfungue mabawa taratibu. Bawa la nyuma la huyu wetu ni jeupe, linaangaza kama karatasi ya mafuta, na mishipa yake ni myeusi. Jike ana manyoya meusi ncha ya tumbo, ndiyo anayofunikia mayai. Ukiona dume ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele, fikiria yule mwingine, kiwavijeshi vamizi, aliyetoka Amerika, akaonekana Afrika mwaka 2016 na kwetu Tanzania 2017. Huyo watoto wake hujichimbia katikati ya mhindi, na kichwani wana alama kama Y iliyopinduliwa. Nondo aliyezeeka huchakaa magamba, doa likapotea, ndiyo maana nakurudisha kwenye nyasi.

Na dawa: kumpulizia nondo wa ukutani hakukusaidii kitu. Kama ni majike na yametaga, mayai huanguliwa ndani ya siku chache, na viwavi hula wiki mbili hadi tatu kabla hawajajizika udongoni. Kula kwingi ni kwa siku za mwisho. Ukingoja uone weusi wakitembea, dawa utakayopiga itakuwa ya kuwasindikiza. Kuanzia siku ya tatu baada ya mvua ile, piga magoti asubuhi na mapema, kwanza kwenye nyasi za mbuzi wako, kisha kwenye mahindi, ufunue mashina na utazame majani machanga yaliyokwanguliwa upande mmoja, yakabaki kama kioo. Ukiwakuta wadogo na wengi, muite afisa ugani wa kata siku hiyohiyo. Na mbuzi wasilishwe nyasi zilizopulizwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite.

Mkono unaniwasha kuandika jina. Mvua ya kwanza, nondo zaidi ya kumi usiku mmoja, rangi ile. Ungekuwa barazani hapa ungenibana na ningelitamka. Lakini mabawa yamefungwa na nyasi sijaziona, na mara ya mwisho nilitamka jina kabla sijapiga magoti. Siliandiki. Niletee picha ya bawa la nyuma, na unieleze ulichokikuta kwenye mashina.

Kopo bado lipo, matundu yake yaleyale ya msumari. Mama yako anahifadhia mbegu za mchicha. Nimemwambia alitoe, kwa sababu wewe utakuja na watoto mwezi wa kumi na mbili, na ukoka wa nyuma ya kisima umeshaanza kuchipua.

Baba yako