Usilipe laki tisa za pawa saplai kabla hujachomoa kebo ya dishi

Mkuu, usitume hizo pesa. Umeandika kwamba strima yako (kifaa cha kuchezea muziki wa mtandaoni) ya Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inavuma kwenye spika, kwamba muuzaji amekuambia chanzo ni "umeme mchafu" wa adapta ndogo, na kwamba kesho unamlipa shilingi 900,000 akuletee pawa saplai nzito ya transfoma. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2021 nikiwa nimesimama mbele ya kaunta ya duka moja Kariakoo, nikayaamini, na yakanigharimu zaidi ya milioni moja.

Vifaa vyangu vilipangwa karibu sawa na vyako. Raspberry Pi 4 ilikuwa juu ya kabati la televisheni, ikitoa muziki kwa kebo ya USB hadi kwenye DAC, yaani kile kiboksi kinachogeuza namba kuwa mawimbi ya umeme, na kutoka hapo kebo za kawaida za sauti ziitwazo RCA zikaingia kwenye amplifaya. Amplifaya hiyo hiyo ilipokea pia sauti ya televisheni kwa kebo nyingine za RCA, na nyuma ya televisheni kulikuwa na king'amuzi chenye kebo inayopanda hadi kwenye dishi la paani. Wimbo ulipokwisha na kabla wa pili haujaanza, nilisikia mvumo mzito usiopanda wala kushuka, kama friji ya zamani iliyo chumba cha pili. Nilimweleza muuzaji hivyo hivyo. Hakuniuliza ni kitu gani kingine kimeunganishwa kwenye amplifaya. Alichukua adapta yangu, akaipima uzito kwa kiganja, akaniambia kwamba kitu chepesi namna hii hakiwezi kutoa umeme safi.

Nikanunua pawa saplai ya transfoma kwa shilingi 780,000. Mvumo ukabaki palepale. Niliporudi kulalamika nikaambiwa kifaa kinahitaji kuwashwa saa 200 mfululizo ndipo kikomae, nami nikakiwasha kwa siku tisa usiku na mchana huku nikilipia umeme wa bure. Siku ya kumi mvumo ulikuwa uleule, na safari hii nikauziwa kebo za RCA za shilingi 240,000 kwa maelezo kwamba sasa pawa saplai imekuwa safi kiasi cha kufichua udhaifu wa kebo. Mtu anayekueleza kwamba tiba yake imeshindwa kwa sababu ni nzuri mno, muulize kama ana leseni ya uganga au ya biashara. Hasira yangu haiko kwenye fedha peke yake, bali kwenye ukweli kwamba swali moja tu la dakika moja lingetosha kunirudisha nyumbani nikiwa na pesa zangu mfukoni.

Kibaya zaidi, ile pawa saplai iliongeza tatizo ambalo sikuwa nalo. Muziki ulianza kukatika kila nilipopekua maktaba yangu, na kwenye skrini pembeni kikawa kinatokea kialama cha radi. Raspberry Pi 4 hutengenezewa adapta ya volti 5.1 na ampea 3, na hutoa onyo umeme unapoteremka hadi karibu volti 4.63. Ile nzito ilitoa volti 5 kamili kwenye kiunganishi chake, lakini ilikuja na waya mwembamba wa mita moja na nusu, na waya mwembamba hula volti kadiri kifaa kinavyovuta umeme mwingi. Nilipoweka ncha za kipima volti kwenye pini zenyewe za Pi huku ikifanya kazi, namba zilicheza kwenye 4.7 kisha zikaanguka hadi 4.58. Kwa hiyo nilikuwa nimetoa adapta rasmi, ambayo ilitangazwa mwaka 2019 kwa dola 8 za Marekani, nikaweka ya laki karibu nane iliyokuwa inaiacha strima na njaa. Ukitaka kujua hali ya yako, andika kwenye Pi amri vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa 0x0, Pi yako haijakosa volti tangu ilipowashwa.

Mvumo wenyewe ulikuja kuisha kwa bahati. Mwembe wa jirani ulikuwa umelifunika dishi, nikamwita fundi wa ving'amuzi alihamishe. Amplifaya ilikuwa imewashwa, hakuna wimbo, na mvumo wangu ukiendelea kama kawaida. Fundi akainama nyuma ya kabati, akaishika ile nati ndogo ya kebo ya dishi, akaizungusha mara nne au tano, na ilipotoka tu chumba kikawa kimya. Nikamwomba airudishe. Mvumo ukarudi. Tukaitoa tena, kimya. Nilikaa sakafuni nikiwa nimeishika ile kebo mkononi, na pawa saplai ya shilingi 780,000 iko mbele yangu inawaka taa yake ya buluu.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Dishi limefungwa kwenye bomba la chuma lililochimbiwa ardhini, na ganda la shaba la kebo yake hufika kwenye king'amuzi, likapita kwenye HDMI hadi kwenye televisheni, likaingia kwenye ganda la kebo za RCA hadi kwenye amplifaya, ambayo nayo ina plagi ya pini tatu na imeunganishwa na ethi ya nyumba, yaani ule waya wa usalama unaoingia ardhini. Ethi mbili zikishikana kwa njia mbili tofauti hufanya mzunguko, na umeme wetu wa hertzi 50 hupitisha mkondo mdogo kwenye mzunguko huo, mkondo ambao amplifaya huukuza pamoja na muziki. Strima haikuhusika hata kidogo. Ningeichomoa kabisa, mvumo ungebaki. Dawa yake ilikuwa kebo ya mwanga ya Toslink kutoka kwenye televisheni hadi kwenye tundu la mwanga la DAC, kwa shilingi 18,000, kwa sababu mwanga hupita kwenye nyuzi zisizopitisha umeme na mzunguko hukatika hapo hapo.

Ukitafuta msaada mtandaoni utakutana na watu wanaoshauri ukate pini ya ethi ya amplifaya. Usifanye hivyo hata kwa dakika moja ya majaribio. Ni kweli mvumo unaweza kuisha, lakini siku waya wa ndani utakapogusa ganda la chuma la amplifaya, chuma unachokishika kila jioni kitakuwa na volti 230, na watoto wako wanakishika pia.

Sisemi kwamba umeme hauna uhusiano na sauti. Muziki wa mtandaoni hufika kwa vifurushi vinavyokaguliwa, kilichoharibika huombwa tena, kisha vyote husubiri kwenye kumbukumbu kabla ya kuchezwa, kwa hiyo adapta haiwezi kuzifanya namba ziwe tamu zaidi; ama zinafika ama wimbo unakatika. DAC nyingi za USB za siku hizi huongoza mwendo kwa saa zao zenyewe. Lakini kelele za umeme zinaweza kusafiri kwenye waya wa volti 5 na waya wa ethi wa USB hadi upande wa mawimbi, na hizo utazijua: ni vijimlio vinavyobadilika unapofungua faili au kusogeza kipanya. Ukizisikia hizo, adapta ni mshukiwa halali, na njia ya USB ni mshukiwa pia. Wewe umeandika kwamba wako ni mvumo mmoja usiobadilika. Na kama unatumia tundu la sauti la milimita 3.5 la Pi yenyewe badala ya DAC, basi hapo ndipo pabovu, hakuna pawa saplai itakayolikomboa.

Baadaye mpwa wangu alinisaidia kujaribu. Alikuwa akibadilisha adapta rasmi na pawa saplai ya transfoma, safari hii nikiwa nimeiwekea waya mfupi mnene, nyuma ya pazia, mara 16, nami nikitaja ipi inapiga. Nilipatia mara 7, yaani sawa na kubahatisha.

Kwa hiyo leo usiku, kabla ya kulala, iwashe Pi kwa pawabenki yenye tundu la ampea 3, iliyochomolewa ukutani. Mvumo ukibaki, adapta yako haina hatia na laki tisa zako hazina kazi. Kisha zima amplifaya, toa kebo zote zinazoingia ndani yake, iwashe tena usikilize. Rudisha kebo moja baada ya nyingine, kila mara ukizima kwanza, na uangalie mvumo unaingia na ipi. Usisahau kebo ya dishi na kebo ya mtandao kama ni ile yenye ganda la chuma. Huyo muuzaji mwambie utamjibu Jumatatu. Akisema bei itapanda, mwache aipandishe, nawe urudi hapa uandike mvumo umeisha ulipochomoa nini.