Maana na asili ya "kilemba cha ukoka"

Umeuliza kwa nini mzee mmoja pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, alikwambia kwamba muuza dagaa "amekuvika kilemba cha ukoka". Alimaanisha kuwa umesifiwa kwa sifa zisizo za kweli ili ulainike na ununue. Katika pwani ya Waswahili, kilemba, yaani kitambaa kirefu kinachozungushwa kichwani, kilikuwa vazi la heshima, na jina hilohilo lilitumika kwa zawadi aliyopewa fundi pale mwanafunzi wake alipohitimu. Kwa hiyo kumvika mtu kilemba kulikuwa kumtukuza mbele za watu. Ukoka, kwa upande wake, ni majani yatambaayo ardhini, chakula cha mbuzi, ambayo yakisokotwa mabichi hupendeza lakini jua likiwaka hunyauka. Aliyevikwa hujiona sultani, nao watazamaji wanaona nyasi tu. Msemo huu si sawa na "kubembeleza", kwani anayebembeleza huomba waziwazi (hata mtoto asiyetaka kulala hubembelezwa), ilhali mvika kilemba huificha haja yake ndani ya sifa. Muuzaji aliyekuita "bosi mwenye jicho la dagaa", huku mkono wake ukiwa umeshajaza kisado ambacho hukukiagiza, alikuwa akikuvika.