Ningemwonyesha “Pickle Rick”, kwa ajili ya Beth

Swali lenu la wiki liliuliza hivi: ikiwa mtu mzima asiyetazama katuni atakubali kutazama sehemu moja tu ya katuni iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wazima, utamchagulia ipi, na kwa sababu gani? Mimi nitamchagulia sehemu ya tatu ya msimu wa tatu wa Rick and Morty, iitwayo “Pickle Rick”, iliyorushwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani na kituo cha Adult Swim tarehe 6 Agosti 2017. Wengi waliowahi kuiona huikumbuka kwa lile tango la achari lenye uso wa mzee, ambalo baadaye lilichapishwa kwenye fulana na kuchezewa kama mwanasesere. Mimi naichagua kwa ajili ya Beth, binti wa mzee huyo, ambaye kwa maoni yangu ndiye mhusika mkuu wa sehemu hiyo, ingawa karibu muda wote yumo ndani ya gari au ameketi kwenye kochi la mtaalamu wa saikolojia.

Mtazamaji mgeni hahitaji kujua mengi kabla ya kuanza. Rick Sanchez ni mwanasayansi mwenye akili zisizo na mpinzani, mlevi, aliyeitelekeza familia yake kwa miaka mingi kisha akarudi na kuhamia nyumbani kwa binti yake, ambako gereji imegeuka kuwa maabara yake. Beth ni daktari wa upasuaji wa farasi. Ana watoto wawili, Summer na Morty, na mwanzoni mwa msimu huo wa tatu mumewe, Jerry, alimtaka achague kati yake na baba yake. Beth alimchagua baba, na ndoa ikavunjika. Ni muhimu kulishika jambo hili moja: tunakutana na mama aliyekwisha kulipa gharama kubwa ili mzee asiondoke tena, na kwa hiyo hana ujasiri wa kukiri kwamba huenda gharama hiyo ilikuwa ya bure.

Watoto wameanza kuonyesha dalili. Morty amekojoa darasani, Summer amekutwa akinusa kemikali za kung’arishia vyungu katika somo la ufinyanzi, na shule imeagiza familia nzima iende kuonana na mtaalamu, Daktari Wong. Siku ya miadi inapofika, Rick anawaita gereji na kuwaonyesha kwamba amejigeuza tango. Hana mikono wala miguu, hawezi hata kubingirika, na anaieleza hali hiyo kama ushindi wa kisayansi unaojitosheleza. Lakini juu yake kuna bomba la sindano lililofungwa kwa uzi, na mkasi umetegwa uukate uzi huo kwa wakati uliopangwa. Beth analiona. Anauliza kama dawa iliyomo inahusika na tango, yaani kama baba amepanga kurudi kuwa mtu mara tu wao wakiondoka. Rick anakana. Basi Beth analichukua bomba, analitia mkobani, na kuondoka na watoto.

Kitendo hicho cha kuchukua bomba ningependa mtazamaji akitafakari kuliko mapigano yote yanayofuata. Beth anajua kwamba baba anadanganya, na kila aliyemo gerejini anajua. Angeweza kusema: baba, umejigeuza mboga ili usiketi na wajukuu zako kwa saa moja. Badala yake anaukubali uongo kwa maneno na kumwadhibu baba kwa vitendo, bila kukiri kwamba anaadhibu. Mwandishi wa sehemu hii, Jessica Gao, ameueleza uhusiano wote wa baba na binti kwa bomba hilo moja, na hakumpa mtu yeyote hotuba ya kutufafanulia.

Kuanzia hapo hadithi inakwenda kwa njia mbili zinazopishana. Huku gereji, paka anamwangusha Rick chini, jua linaanza kumkausha, kisha mvua inamsomba hadi kwenye mtaro wa majitaka. Humo anamng’ata mende, anafungua ubongo wa mende huyo na kuusisimua kwa ulimi hadi viungo vya mende vinafanya kazi kama vyake. Baada ya mende wanafuata panya, ambao mifupa na misuli yao anaiunganisha kuwa mwili wa vita. Anatokea chooni, ndani ya jengo lenye walinzi wenye silaha, na huko anapambana na kikosi kizima pamoja na mfungwa hatari anayeitwa Jaguar, aliyefunguliwa ili amuue. Damu ni nyingi mno, na mtu mwenye roho nyepesi aonywe mapema. Lakini ufundi wa mfululizo huo ni mkubwa, na naamini haukutengenezwa hivyo kwa bahati: tunafurahia. Tunamshangilia mzee huyo kila anapopata mguu mmoja, kisha mkono, kisha silaha, na katika kushangilia tunasahau kabisa kwamba yote haya yanatokea kwa sababu hakutaka kuketi kwenye kochi.

Huku kwenye ofisi, Daktari Wong, aliyepewa sauti na Susan Sarandon, anazungumza polepole. Utaalamu wake, tunaambiwa, ni kuwatibu watu wanaokula kinyesi, na ni rahisi kuupita utani huo bila kuona kwamba unamweleza vizuri: ni mtu ambaye hakuna aibu ya mgeni inayoweza kumtisha. Anawauliza watoto maswali, lakini kila jibu linaishia kwa babu. Anapomgeukia Beth, anamwambia kwamba huenda kati yake na baba yake kuna utaratibu ambao hauutuzi moyo unaojifunua, bali huuadhibu. Na kwamba huenda utaratibu huohuo ndio uliomomonyoa ndoa yake na sasa unawaambukiza watoto tabia ya kuelekeza hisia zao pasipostahili. Beth anamjibu kwa tusi. Akili yake yote, elimu yake yote ya upasuaji, na jibu lililopatikana ni hilo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa miaka kadhaa nimekuwa katika kitengo cha malezi na unasihi cha shule. Nimewaona wazazi wa aina ya Beth, na ninawaheshimu, kwa sababu walau wamefika. Wanafika wakiwa wamevaa vizuri, wanazungumza kwa ufasaha, wanaeleza matatizo ya mtoto kana kwamba ni ya jirani, na mara tu unapougusa ukoo wao wenyewe, hasa mzazi wao, mlango unafungwa. Katuni hii ya Kimarekani imeuonyesha mlango huo ukifungwa kwa usahihi ambao sijauona katika tamthilia nyingi za watu halisi. Katika nyumba zetu, ambamo babu au bibi akiishi na mwanawe huheshimiwa kuliko wote, mlango huo ni mzito zaidi, kwa kuwa kumhoji mzee kunahesabiwa kuwa utovu wa adabu. Nadhani hiyo ndiyo sababu wenzangu wa shuleni niliowaonyesha sehemu hii walicheka sana katika mapigano, kisha wakanyamaza ofisini kwa Daktari Wong.

Hatimaye Rick anawasili ofisini, angali tango, amelowa damu ya panya na uchafu wa mtaroni, akiitaka dawa yake. Daktari anamuuliza kwa nini hakutaka kuja. Jibu la Rick ni hotuba ndefu: yeye ni mwanasayansi, kazi yake ni kuvumbua, kubadili na kubomoa, na jambo la dunia lisilompendeza hulibadilisha, hawezi kuheshimu kazi ya kuketi na kuzoea mambo jinsi yalivyo. Ni hotuba nzuri. Mtu mwenye kiburi cha elimu anaweza kuiona kuwa ukweli mtupu, na mwandishi hakuidhoofisha ili iwe rahisi kuishinda.

Jibu la Daktari Wong ndilo linalonifanya niichague sehemu hii kati ya zote. Hamwambii Rick kwamba hana akili. Anakubali kwamba akili yake haina shaka, kisha anasema kwamba kila mtu katika familia hiyo huitumia akili kuhalalisha ugonjwa. Anamwonyesha kwamba huiona akili yake mara kama nguvu isiyozuilika, mara kama laana isiyoepukika, kwa sababu wazo asiloweza kulikaribia ni kwamba akili hiyo ni yake na imo mikononi mwake: ndiye aliyechagua kuwa tango, na ndiye aliyechagua kuja na kuidharau kazi ya mwenzake. Kisha anakiri kwamba tiba ingemchosha Rick kabisa, kama yeye mwenyewe anavyochoshwa na kupiga mswaki. Kukarabati, kutunza na kusafisha hakuna msisimko wa safari ya hatari. Huwezi kuikosea kazi hiyo kiasi cha kufa papo hapo. Ni kazi tu. Wapo wanaokubali kwenda kazini, na wapo ambao wangependa afadhali wafe, na kila mtu hujichagulia. Baada ya hapo anatangaza kwamba muda wa kikao umekwisha.

Sijawahi kusikia kazi yangu ikielezwa vizuri hivyo. Mzazi aliyekosekana kwa miaka hutamani tendo moja kubwa la kufuta yote: zawadi ya gharama, safari, machozi mbele ya ukoo. Mtoto anahitaji Jumanne ya kawaida, na Jumanne nyingine baada yake, na hakuna anayepigiwa makofi kwa hilo.

Lakini sehemu haijaishia hapo, na mtazamaji asiinuke mapema. Ndani ya gari, Beth na Rick wamekaa mbele, watoto nyuma. Rick anaomba radhi kwa kudanganya, anajidunga dawa na kurudi kuwa mtu. Papo hapo baba na binti wanaanza kumdhihaki daktari na kupanga kwenda kunywa. Summer na Morty wanasema kwamba walimpenda, na kwamba wangependa kwenda tena. Hakuna anayewajibu. Watoto wawili wamesema wazi, kwa maneno mepesi, wanachokihitaji, na mama yao amechagua, kwa mara ya pili katika msimu huohuo, kumfurahisha baba yake. Kwangu, hakuna mtu aliyeumizwa na panya au risasi katika sehemu hiyo kama walivyoumizwa hao wawili kwa kunyamaziwa.

Sehemu hii ilishinda tuzo ya Emmy ya programu bora ya katuni mwaka 2018, na bado nimesikia watu wakidai kwamba inamtukuza Rick. Wanaodai hivyo wametazama nusu yake. Waandishi wenyewe hawakulisahau neno la Daktari Wong: katika msimu wa sita, uliorushwa mwaka 2022, Rick anarejea kwake kwa hiari, akiwa na umbo lake la kawaida, na kuanza kujaribu kile alichokidharau. Misimu miwili ilipita katikati, na muda huo wote watoto waliendelea kukua ndani ya nyumba ileile. Kwa hiyo mgeni wenu atazame kwanza ile ya 2017, na akitaka kumwona Daktari Wong tena, aendelee hadi huko.