USINUNUE HAO KANGA! (jibu kwa aliyetumiwa fumbo na wakwe)

Usinunue hao kanga. Kama umeshalipa, kadai pesa yako. Kama wameshafungwa miguu, wafungue. Nimesoma swali lako nikiwa kwenye teksi, nikashuka kabla ya kituo changu ili nikuandikie, kwa hiyo usije ukasema baadaye kwamba hukuambiwa.

Kwa wanaoingia uzi huu sasa: wakwe watarajiwa wa mwenzetu, Waswahili wenye asili ya Mombasa wanaoishi Jinja, wamemtumia ubeti huu na kumtaka aje na jibu mkononi siku ya kwanjula, ile sherehe ya kutambulishwa ukweni:

Leteni kanga nyumbani, isiyojua kuruka,
Ina jina maungoni, haiwezi kuitika,
Ina mji wake ndani, watu hawajaufika,
Ije na pacha begani, ikiwa moja, nacheka.

Naye amefungua kamusi, akaona kanga ni ndege mwenye madoa, mambo yakaisha. Atanunua wawili, ndio pacha. Atawakata mbawa, ndiyo kutojua kuruka. Atawafunga shingoni kadi zenye majina ya bibi na bwana harusi. Na huo mji? Anasema ni ule wa vitendawili, "nipe mji", umewekwa tu kujaza mstari, hauna kazi. Halafu anauliza kama jibu nalo lazima liwe shairi lenye vina vilevile, mizani huhesabiwaje, na apate wapi mafumbo mengine ya kujizoeza. Hayo yatasubiri, kwanza kanga.

"Hauna kazi." Mdogo wangu, maneno hayohayo yalinigharimu mbuzi mzima, mafuta ya pikapu na heshima yangu katika wilaya ya Tororo, ambako mpaka leo nikipita napita na kofia.

Mpwa wangu alikuwa anaoa Malaba, kwenye familia ambayo babu yao alifuata reli kutoka Mombasa akaishia hapo mpakani. Mimi ndiye niliyeteuliwa msemaji wa upande wetu, kwa sababu ukoo mzima unaamini ninajua Kiswahili. Wakwe hawakutaka kututegea vitendawili papo kwa papo mlangoni, kama wasemaji wa Kiganda wanavyotambiana. Wao walituma ubeti mapema kwa WhatsApp:

Mbuzi ya bibi twataka, isiyokula majani,
Hukaliwa bila shaka, haitoroki zizini,
Meno nje yamechomoka, hula ubongo kichwani,
Mkija nayo mwafika, au mbaki njiani.

Najua wengine mmeshacheka. Subirini.

Nilimwendea mtu mmoja hapa Kampala anayejiita fundi wa mashairi. Tangu Baraza la Mawaziri lilipopitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, kila aliyewahi kulala Mombasa usiku mmoja amekuwa mwalimu, na huyu anatoza kwa saa. Akasoma ubeti wangu akitikisa kichwa kama tabibu. Akaniambia: "Mshairi ni mtumwa wa kina. Maneno ya mwisho wa mstari yamewekwa ili mstari ufunge, usihangaike nayo. Shika neno la kwanza, jibu liko pale." Nikamuuliza mbona imeandikwa "mbuzi ya" na si "mbuzi wa". Banange, niliuliza! Kwa mdomo wangu huu! Akacheka, akasema ngeli ni mambo ya mtihani, mshairi ana ruhusa yake. Nikamlipa. Namba yake sasa haipokei simu zangu.

Basi nikaanza kutafuta mnyama. Mstari wa kwanza ulikuwa rahisi, kwani mbuzi wa mjini hulishwa maganda ya matoke na majani hukutana nayo siku ya sikukuu. Mstari wa pili nikasema ni mpole. Tukampandisha mtoto wa jirani mgongoni, mbuzi akatulia kama kochi. Kwenye meno ndipo nilipoteseka. Mbuzi hana meno ya mbele kwenye taya la juu, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu lingemstua. Mimi nilizunguka sokoni nikifunua midomo ya mbuzi wa watu mpaka mchuuzi mmoja akadhani ni daktari wa mifugo, akaniomba dawa ya minyoo. Hatimaye nikampata mzee mmoja mwenye meno ya chini yaliyosukumwa nje kwa umri. Mwenye mali alipoona macho yangu yamewaka akapandisha bei hadi nikafikiria karo ya shule. Nikalipa.

"Hula ubongo kichwani" je? Nikasema hilo ni la kina tu. Halina kazi.

Safari ya kwenda Malaba siisimulii yote. Kule Namawojjolo wachoma nyama walimtazama yule mbuzi kwa namna ambayo alijificha nyuma ya tairi la akiba. Mbele kidogo kizuizini niliulizwa kibali cha kusafirisha mifugo, na walikuwa na haki, sikuwa nacho, nikasimama juani nikimweleza askari kwamba huyu si mfugo, huyu ni jibu la shairi. Ukitaka kujua uso wa binadamu unavyobadilika, jaribu kumwambia askari hivyo.

Tukafika. Sare zimepigwa pasi, kina mama wamebeba vikapu, nami mbele nimeshika kamba. Msemaji wao, mzee mwenye sauti ya redio, akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akanyamaza. Kisha akamwita bibi mwenye ubeti. Bibi akatoka jikoni na nusu ya nazi mkononi, akaisogeza mdomoni mwa yule mnyama, akaniambia kwa upole kabisa: "Haya baba, mwambie aikune."

Walitaka mbuzi ya kukunia nazi. Kile kibao cha kukalia chenye chuma cha meno mbele. Hakili majani. Hukaliwa. Meno yako nje. Na huo ubongo mweupe ndani ya kichwa kigumu ni nazi. Kila neno lilikuwa kazini tangu mwanzo, hakukuwa hata moja lililokuja kutembea. Mtu aliyekuwa hana kazi pale ni mimi.

Tulitozwa faini. Tulikalishwa nje ya turubai huku kijana wa bodaboda akivushwa mpaka kwenda upande wa Kenya kutafuta hiyo mbuzi, na wali ukasubiri tui, na wageni wakausubiri wali, na mpwa wangu akaacha kuniita mjomba kwa muda. Jioni walimchinja yule mzee wangu wa meno, wakammaliza. Hakuna aliyenirudishia hata ukwato. Seremala yeyote angenichongea ile mbuzi kwa vipande vya mbao na bati, lakini mimi ni mtu wa kiwango cha juu, nilipeleka yenye damu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitaipigia kelele mpaka msimamizi wa jukwaa anifungie: SOMA KIAMBISHI KABLA HUJASOMA NENO. Neno kubwa ndilo linalodanganya. Vile vipande vidogo, i-, a-, ya, wa, nayo, naye, havijui kusema uongo, kwa sababu mshairi akivipindisha tu wenzake watamcheka. Mbuzi wa nyama: huyu, wake, anakula, mkija naye. Mbuzi ya nazi: hii, yake, inakuna, mkija nayo. Angalia tena ubeti wangu. "Mbuzi ya." "Isiyokula." "Haitoroki." "Nayo." Yule bibi alinipigia filimbi mara nne, nami nikaziba masikio kwa hela yangu mwenyewe.

Na ninajua kwa nini sisi Waganda tunaingia mtego huu kuliko wengine. Kwa Luganda tunasema embuzi yange, na hatujakosea, ndivyo lugha yetu inavyotaka. Tunahamia Kiswahili na mizigo ileile, tunasema "mbuzi yangu imekufa", sokoni tunaelewana, hakuna anayetukamata. Kwa hiyo tukikuta "mbuzi ya" kwenye shairi hatushtuki, tunaona kama tupo nyumbani. Mtu wa Mombasa akiona "ya" hapo, sikio linasimama. Hao watu wanafumbiana kwa mashairi tangu enzi za Muyaka bin Haji, mshairi wao wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840 hivi. Sisi tuna kkoyi kkoyi, vitendawili vyetu vya Luganda, nayo ni shule nzuri ya kubahatisha, lakini wao wanacheza na sarufi.

Ukishapata mazoea utaona vitu vinajifungua vyenyewe. Paa akiruka porini, ni mnyama. Paa likivuja, ni la nyumba. Kaa anatembea upande, kaa la moto linaunguza. Tai anazunguka angani, tai inabana shingo ya mbunge. Ila chunga "rafiki yangu" na "dada yangu", hao ni watu na bado wanachukua "yangu", usije ukamgeuza shemeji yako kuwa kiti. Na kuna maneno ambayo viambishi havikusaidii kitu: mto wa maji na mto wa kulalia, ziwa la Victoria na ziwa la mama. Hapo tazama vitenzi, jikaze, umwombe Mungu. Lakini hilo si tatizo lako leo.

Tatizo lako leo liko wazi kama mchana. "IsiyOjua kuruka." Nimeandika herufi kubwa maana inaonekana hatusikii. Angekuwa ndege ingekuwa "asiyejua". "Ina jina", si "ana jina". "Haiwezi", si "hawezi". Mistari yote minne inakulilia kwamba hii kanga haina roho, nawe unatafuta mkasi wa kukata mbawa.

Ni kanga ya kuvaa! Sisi huku tunaiita leso, ndiyo maana hukuiona. Sasa rudi kwenye ule mji wako usio na kazi. Kanga ina pindo kuzunguka pande zote, na lile eneo la katikati ndani ya pindo linaitwa mji. Mji ambao watu hawajaufika, sawa? Na yale maandishi yanayokaa juu ya pindo la chini huitwa jina la kanga. Jina inalo, lakini ukiiita haiitiki. Na pacha: kanga huuzwa vipande viwili vilivyoshikana, ndiyo doti, hukatwa na kupindwa nyumbani, kimoja kiunoni na kimoja begani au kichwani. Ukipeleka kipande kimoja wamekwambia mapema watafanya nini. Watacheka.

Umeona mstari wa tatu ulivyokuwa na kazi kuliko yote? Mshairi alikuwa amekuachia ufunguo mlangoni. Na yeyote aliyekuambia ni wa kujazia tu, nitumie jina lake kwa siri nione kama ni yule wangu.

Sasa fanya hivi. Mpigie muuza kanga usiku huu, mwambie bwana harusi amebadili mawazo, amana akirudisha nusu shukuru. Kesho nenda maduka ya vitambaa. Ukifika usiseme "kanga", kijana wa dukani atakuelekeza sokoni kwa kuku na tutaanza upya. Sema leso, doti nzima, haijakatwa. Ikunjue pale pale dukani uone kama mji na pindo viko sawa pande zote mbili. Halafu, nakuomba kwa jina la mbuzi wangu marehemu, lisome hilo jina kabla hujalipa, na kama hulielewi mwite mama yeyote aliye karibu akueleze. Kanga nyingi zimeandikwa kwa ajili ya kumsuta mtu, na mama mkwe wako anajua kusoma.