Ile riwaya ya binti wa soko la samaki Bagamoyo: mi iliniangusha, na sababu ni hizi

Kaka uliyeuliza kama umnunulie mdogo wako wa kidato cha pili ile riwaya ya binti wa soko la samaki, ukasema umesikia watu wengi wanaisifia, mi nakujibu kama mtu niliyeisoma yote mpaka ukurasa wa mwisho, na tena naishi hapa hapa Bagamoyo stori inapotokea. Jina la kitabu na la mwandishi siweki, wanaokijua wanakijua, na mwandishi mwenyewe bado chipukizi, sitaki jina lake lizunguke mtandaoni kwa ubaya. Ila kitabu kimeniumiza kwa kweli na nitaeleza kwa kirefu, maana nikikwambia tu kizuri au kibaya sitakuwa nimekusaidia.

Nianzie kwenye uzuri maana upo na ni mwingi. Sura ya kwanza mama na binti wapo sokoni alfajiri, ngalawa zinaingia, wachuuzi wa Dar wameshafika na madeli yao ya barafu, mnada unapigwa, na mwandishi hakai kukuelezea mnada ni nini, anakuacha usikie bei zinavyopanda na mama anavyonyamaza pale zinapomzidi. Kazi ya binti ni kupaa samaki kabla hajaenda shule. Anapaa changu, magamba yanamrukia yanamkaukia mkononi, na akifika darasani anaweka mkono chini ya dawati anayabandua moja moja kwa ukucha huku mwalimu anafundisha, anayatia kwenye mfuko wa sketi ili mwenzake wa pembeni asione. Mi nimekulia nyumba ya samaki, marehemu bibi alikuwa na karai lake pale pale ufukweni, na nilipofika hapo ilibidi niweke kitabu chini kwanza. Hicho kitu cha magamba kukaukia mkononi huwezi kukitunga umekaa tu, lazima uwe umekiona au umekifanya. Nikasema huyu mwandishi ni wa kwetu.

Na binti mwenyewe ana moyo. Mchuuzi anajaribu kumpunja mama yake chenji, yeye ndo anahesabu kwa sauti mbele za watu. Rafiki yake anasingiziwa kuiba simu, yeye anakwenda mwenyewe ofisini kwa mwalimu wa nidhamu kumtetea, magoti yanatetemeka lakini anaongea. Yaani mpaka hapo mwandishi ameshakuaminisha kwamba huyu mtoto likimkuta jambo hatakaa kimya.

Halafu jambo linamkuta, anapata mimba akiwa kidato cha tatu, na kuanzia hapo hafanyi tena chochote.

Sisemi kwamba anahuzunika, huzuni ningeielewa. Nasema anaacha kuwa mtu. Mkuu wa shule anamfukuza kwa aya moja, mama analia, majirani wanasema, kisha anatokea mjomba kutoka Dar ambaye hakuwahi kutajwa hata kwa bahati mbaya kwenye sura zote za nyuma, ana gari, anamchukua anampeleka Mbezi, anamnunulia cherehani, na kitabu kinaisha ana duka la nguo. Yule aliyeongea mbele ya mwalimu wa nidhamu yuko wapi? Nusu ya kwanza anaamua yeye, nusu ya pili wanamuamulia wengine, na mwandishi wala haonekani kushtuka kwamba kambadilisha mtu katikati ya kitabu.

Na yule mwanaume. Ni fundi wa mashine za boti, mtu mzima, ana hela, anampa binti lifti na chipsi. Mimba ikijulikana mwandishi anaandika kwamba "alisafiri" na ndo basi, hatajwi tena. Jamani. Sheria ya elimu ilirekebishwa mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30, na hakuna mtu mtaani asiyejua kuna miaka 30. Ndo maana kwenye maisha halisi jambo kama hili halipiti kimya hivyo, kuna kikao kinakaliwa usiku, wazee wa upande wa mwanaume wanakuja na maneno matamu na bahasha, yamalizwe kifamilia, mama anaulizwa anataka nini, binti yuko chumba cha pili anasikia bei yake inavyotajwa ukutani. Mwandishi aliyeandika ule mnada wa samaki vile alikuwa na kila kitu mkononi cha kuandika na kikao hiki. Angekiweka, mi nadhani watu wangekuwa wanakisoma hicho kitabu miaka mingi. Badala yake tumepewa neno moja, alisafiri.

Kuna na vitu vidogo ambavyo kwa mtu wa huku vinakera. Binti na yule fundi wamekaa ufukweni wanaangalia jua linavyozama baharini upande wa Zanzibar. Bagamoyo bahari iko mashariki, jua linachomoza baharini na linazama nyuma ya mji, upande wa barabara ya Msata huko, mtoto yeyote wa Dunda anakwambia. Au mama anauza samaki ili alipe ada ya kidato cha tatu shule ya kata, wakati mwandishi mwenyewe katuambia stori ni ya mwaka 2023 na ada shule za serikali mpaka kidato cha nne ilifutwa tangu 2016. Hela inayomtesa mama wa soko la samaki ni ya sare, madaftari, michango, nauli, na mia mbili tatu za mtoto kula mchana, hiyo ndo inayouma kila siku, na ingemfaa sana mwandishi kama angeangalia. Haya ningeyasamehe. Jua likizama vibaya kitabu hakifi.

Lisilosameheka kwangu ni hili. Pale mkuu wa shule anapomfukuza binti, msimulizi (siyo mkuu wa shule, MSIMULIZI) anatuambia kwamba kwa sheria za nchi mlango wa shule ulikuwa umefungwa kwake milele. Mwaka 2023! Wote tunakumbuka 2017 Rais Magufuli aliposema pale Chalinze, tena hapa hapa wilayani kwetu, kwamba anayepata mimba hatarudi shule. Iliuma na wasichana wengi walikwama. Lakini Novemba 2021 Profesa Ndalichako akiwa waziri wa elimu alitangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi wakishajifungua, na ukatoka Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021. Siyo siri, redio zote zilitangaza. Sasa mwandishi anaandikia vijana, anachagua mada hii hii, na hajui au hakujali kwamba imebadilika?

Mtaniona nakuza mambo, ngoja niwaeleze kwa nini nimekasirika. Nina steshenari huku Magomeni ya hapa Bagamoyo, natoa kopi, nauza madaftari na hadithi chache, na kuna mtoto wa jirani ananisaidia jioni. Alipata mimba akiwa kidato cha pili, mwanae sasa anatembea. Mi na mama yake tulikuwa tumeanza kumshawishi kidogo kidogo arudi kusoma, na alikuwa ameanza kulainika. Mi ndo niliyempa kile kitabu, kwa furaha yote, nilikuwa nimesoma sura za mwanzo tu nikasema huyu lazima asome, atajiona. Na alijiona kweli, alikuwa anasoma katikati ya wateja, mtu anasubiri kopi zake yeye bado yuko kwenye ukurasa. Jioni moja akakifunga akakaa nacho mapajani. Akaniuliza, "Dada, kwani si walisema wanaruhusu? Au wamefuta tena?"

Hakuuliza kama mwandishi kakosea. Kwake yeye kitabu kimechapwa, kina jalada, kina mtu aliyesoma aliyekiandika, kwa hiyo aliyekosea ni yeye au ni redio. Ilibidi nitafute habari kwenye simu tukasome wote wawili, nikamwonyesha tarehe, na bado naona alikuwa hajaamini vizuri, siku kadhaa akawa hataki kuongelea shule kabisa. Mama yake alichukia akasema vitabu vyenu hivi.

Baadaye akaniambia kilichokuwa kinamzuia hata kabla ya kitabu. Siyo sheria. Ni kuvaa sketi ya shule tena akae na watoto aliowaacha msingi, na wote wanajua. Na mtoto akiumwa usiku, asubuhi ataingiaje darasani. Mwisho akaamua mwenyewe kupitia njia ya kujitegemea, madarasa ya jioni, afanye Mtihani wa Maarifa kwanza (ule wa QT, unaofanywa na wasiosoma shuleni kabla ya mtihani wa kidato cha nne), halafu wa kidato cha nne. Mi nilitaka arudi shule ya kawaida, tulibishana, akanishinda. Sasa niambieni hiyo siyo riwaya? Binti wa miaka 17 amekaa na njia mbili mbele yake, zote halali, zote zina aibu yake na gharama yake, anapima. Mwandishi alikuwa na mhusika mwenye uwezo kabisa wa kupima hivyo. Akamletea mjomba.

Kuna mdau huko juu kasema tunaolalamika tunataka mwisho mwema. Hapana kaka, mbona huo wa cherehani na duka ndo mwisho mwema wenyewe na ndo unaonichukiza. Kezilahabi kwenye Rosa Mistika, mwaka 1971, Rosa anajiua mwenyewe, hakuna mjomba wala duka, na kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, lakini unapomaliza unajua kila kilichompeleka pale, baba alivyomlea, wanaume waliompitia, na yeye mwenyewe alichochagua. Hakuna aliyemficha. Mi nataka hivyo, hata ikiwa inauma niione yote.

Nyingine iliyonichosha ni maongezi. Mwanzoni watoto wanaongea kama watoto wa Bagamoyo, wanataniana, wanakatana maneno. Mimba ikiingia tu, kila mtu anageuka mtoa mada. Mama muuza samaki, ambaye sura nzima ya kwanza hakusema hata sentensi mbili zikafuatana, ghafla anampa mwanae hotuba ya ukurasa mzima kuhusu athari za mimba za utotoni na umuhimu wa elimu kwa mtoto wa kike. Mama yule! Ambaye akimwambia mwanae "nenda utachelewa" anaangalia karai, hamwangalii usoni, na wewe msomaji unaelewa mapenzi yote yaliyomo. Nahisi kuna mtu alimwambia mwandishi kitabu cha vijana lazima kiwe na funzo, akaogopa kwamba hatutaliona, akalibandika juu. Vijana wanaliona. Wanaliona hata kuliko sisi, na wakishagundua wanahubiriwa wanaruka kurasa, nimewaona dukani kwangu wakifanya hivyo mchana kweupe.

Kwa hiyo kaka, kuhusu mdogo wako. Mnunulie, ndiyo, pamoja na yote niliyosema. Ila usimwachie akisome peke yake akamaliza akanyamaza. Kisome wewe kwanza, halafu akifika pale anapofukuzwa mwambie hiki hapa siyo kweli, tangu 2021 mambo yamebadilika, muulize na yule fundi wa boti yuko wapi na kwa nini hakuna anayemtafuta, uone atakujibu nini. Kama anapenda kuandika mwambie aandike hicho kikao cha usiku ambacho hakipo kitabuni. Yule mtoto wa dukani nilimwambia akanitazama tu, lakini daftari alichukua.

Na mwandishi kama unapita huku, mi siyo adui yako. Toleo la pili likija, ile sentensi ya mlango kufungwa itoe, hata kama huna muda wa kugusa kingine chochote.