Dada, mwambie huyo wa bredauni asiiguse hiyo Forester

Salamu tutapeana baadaye. Kesho saa tatu asubuhi usikubali hilo gari liinuliwe mbele peke yake. Nimesoma swali lako nikiwa ndani ya matatu, nikapitishwa steji yangu, na sasa naandika nikiwa nimesimama kando ya muuza mahindi ambaye ananitazama kama nimepoteza akili.

Kwa wanaoingia sasa hivi: dada ana Subaru Forester ya otomatiki, tairi la mbele limempasukia Thika Road, akajikokota mpaka petroli stesheni moja Roysambu. Spea anayo na ina upepo. Shida ni kwamba nati moja kati ya zile tano ni lokinati, ile inayofunguliwa kwa kisoketi chake maalum, na kisoketi hakipo. Jamaa wa bredauni, lile lori la kuvuta magari yaliyokwama, amemwahidi kuja kesho ainue mbele, nyuma iburutwe mpaka kwa fundi wake Ruiru. Dada ameuliza namna ya kubadilisha tairi barabarani bila kugongwa, jeki gani anunue, bredauni ilipwe ngapi, na kama bima yake itasaidia. Tayari watu watatu hapo juu wameshamjibu "weka nyutro tu, itaenda," yaani gia iachwe huru. Nyinyi watatu nitawarudia.

Mimi pia nilikuwa na Forester ya otomatiki. Nasema nilikuwa.

Aprili 2018, ile mvua iliyofurika kila mahali. Mama mkwe amekuja na treni ya SGR kutoka Mombasa, nimempokea Syokimau saa mbili usiku, mke wangu yuko mbele, mama yuko nyuma na kikapu cha nazi na mabuyu. Nikashika Southern Bypass kwenda Kikuyu nikijiona mkwe wa maana kabisa. Tumepita Lang'ata Road, tumeingia pale msitu wa Ngong umekaa kila upande na giza lake, tairi la nyuma likalia pwaa. Unaijua Bypass usiku. Pale hata mbwa hakojoi peke yake.

Yale makosa madogo nitayapitia haraka kwa sababu ni aibu. Nilisimama mahali lami imeishia badala ya kujikokota mita mia mbili mbele penye uwazi. Rimu ingeharibika, sawa, lakini rimu ni pesa kidogo. Laifseva, ile pembetatu nyekundu ya kuonya madereva, nilikuwa nayo moja, nikaiweka hatua tano nyuma ya gari, mahali ambapo dereva wa lori akiiona ameshanigonga. Wapeleke abiria mbali na lami, wasimame nyuma ya kingo. Washa hazadi. Laifseva itembeze nyuma hatua hamsini na zaidi, na kama ni barabara ya kasi kama hiyo yenu ya Thika, ongeza. Huna laifseva, kata matawi kama babu zetu wa malori wanavyofanya, ila ukimaliza yaondoe, si kuacha kichaka na mawe katikati ya leni. Nati zilegeze gari likiwa bado chini, mguu wako ukisaidia spana. Jeki iweke juu ya ubao. Mimi niliiweka juu ya matope na ikazama taratibu huku nikiizungusha kwa bidii, gari halipandi, jeki ndiyo inashuka. Mama mkwe akashusha kioo akauliza, "Mkwe wangu, unachimba kisima?"

Basi nikatafuta jiwe bapa, jeki ikashika, nati nne zikatoka, ya tano ikakataa. Lokinati. Yule muuzaji wa yadi aliyeniuzia gari alinipa funguo mbili, kalenda ya ukutani na maneno matamu ya nusu saa, lakini kile kisoketi cha lokinati hakunipa na wala hakunitajia. Magari haya yanatoka Japani na lokinati zake, kisoketi kimefichwa kwenye kisanduku cha mbele au chini ya zulia la buti karibu na spea, au hakipo kabisa. Na wewe wakati wa kununua unakagua redio.

Sasa ndipo tunafika kwenye kosa lenyewe.

Nikampigia shemeji yangu. Shemeji ni mtu anayejua kila kitu, hasa asichokijua. Akaniambia ana jamaa wa bredauni, mtu poa, atakuja mara moja. Kweli alikuja, na nilifurahi kuziona zile taa za njano kuliko nilivyofurahi siku ya harusi. Mke wangu hasomi hapa. Lilikuwa lori la ndoano, lile linaloinua upande mmoja na kuuacha mwingine ukizunguka barabarani. Nikamuuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kuonekana mjinga, "Hii si itaumiza giaboksi?" Akacheka. "Buda, nimevuta Subaru mia. Weka nyutro, toa handibreki, twende." Nyuma tairi bado halina upepo, akalijaza kwa pampu yake, likashika upepo wa kutosha kubururwa. Dada, naomba uisome hiyo sentensi tena. Jamaa alikuwa na pampu! Tairi lilishika upepo! Ningeweza kuendesha polepole mpaka mahali penye taa, nikajaza tena, nikafika. Lakini mtu akiwa na hofu, mvua na mama mkwe, hafikiri.

Bei ilikuwa 4,000 kwenye simu. Mbele iliponing'inia tayari kwenye ndoano, ikawa 9,500. Ya usiku, ya mvua, ya Bypass, ya msaidizi. Ungefanyaje? Gari liko hewani.

Mke na mama wakaingia teksi, wakatufuata nyuma. Mimi nikakaa kwenye kebini ya lori katikati ya dereva na msaidizi wake nikinuka matope. Hatujafika mbali sana baada ya Ngong Road, simu ikalia. Mama mkwe. "Mkwe wangu, hilo gari lanuka. Lanuka kama pasi imeachwa juu ya shati." Nikamwambia dereva. Akasema ni breki, itapoa. Mama akapiga tena: "Latoa moshi chini." Dereva akasema ni mvuke, si unaona mvua? Nikamwamini yeye. Mama aliyekuwa akiliona gari kwa macho yake nikamwambia, "Usijali mama, wanajua kazi yao." Miaka yote hii kinachoniuma si zile pesa, ni hiyo "usijali mama". Tulikuwa na nafasi mbili za kusimama.

Tukafika Kikuyu. Asubuhi fundi akaziba pancha, akaipasua ile lokinati, kazi ya kikombe cha chai. Nikawasha gari. Taa ya joto la oili ya giaboksi ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Nikakata kona ya kutoka getini, gari likarukaruka kama limefungwa handibreki. Fundi akavuta kijiti cha oili ya giaboksi. Inapaswa kuwa nyekundu. Ilikuwa nyeusi kama kahawa ya matanga, na ile harufu ya pasi ya mama mkwe ikatoka humo.

Elewa sababu, ili mtu asikuchezee. Giaboksi ya otomatiki ina pampu ya oili, na pampu hiyo inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala, hata ukiweka nyutro, hata ukiomba dua. Sasa Forester inasukuma magurudumu yote manne. Ya mbele na ya nyuma yameunganishwa na propela, ule mtaimbo mrefu unaozunguka chini ya gari, na mwisho wa giaboksi kuna sahani zilizobanana zinazogawa nguvu. Ukiinua mbele na kuburuta nyuma, magurudumu ya nyuma yanazungusha propela, propela inazungusha sahani, upande wa mbele hauendi nao, na oili haipiti. Sahani zinasuguana kavu mpaka zinaungua. Ukigeuza, ukainua nyuma na kuburuta mbele, ni yale yale. Gari la namna hii linapakiwa lote juu ya flatibedi, lile lori la mgongo bapa, au yale magurudumu yanayobaki chini yawekwe juu ya vile vigari vidogo vyenye magurudumu yake, ili hata moja lisizunguke. Hata kitabu cha gari kinakataza kuinua upande mmoja na kuburuta mwingine. Changu kilikuwa kwa Kijapani, nikakitumia kusawazisha meza.

Nyinyi watatu wa "weka nyutro tu", sasa tuzungumze. Najua mlikotoa hiyo. Jirani yako ana Vitz, au Demio, iliinuliwa mbele, ikavutwa mpaka Embakasi na haikufa. Bila shaka! Nyingi kati ya hizo zinasukumwa na magurudumu ya mbele. Ukiinua mbele, nyuma hakuna kitu, ni mikokoteni miwili inajizungukia. Mark X nyingi zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, hizo ukiinua mbele umeziua. Hata hizo Vitz na Fielder ziko zilizokuja na foro-wili, zinazosukuma magurudumu yote manne, kwa hiyo ukiwa na wasiwasi inama uchungulie chini: ukiona propela ndefu inakwenda nyuma na difu, lile bonge la chuma, katikati ya magurudumu ya nyuma, funga mdomo na uite flatibedi. Msimpe mtu ushauri wa Vitz kwa gari la Subaru halafu muende kulala.

Giaboksi ya mtumba kutoka Japani niliinunua 95,000. Kuifunga, oili na vikorokoro vingine, 22,000. Ile 9,500 ya kuuliwa gari. Pancha yenyewe ilikuwa msumari, mia tatu. Nilimpigia yule mtu poa, akaniambia giaboksi "ilikuwa imechoka tayari". Nikampigia shemeji, akasema yeye alinipa namba tu, hakuniambia nikubali. Kila Krismasi nakaa naye meza moja, namkatia nyama.

Kwa hiyo wewe, dada. Kwanza kabisa, huhitaji kuvutwa! Gari liko petroli stesheni, mahali penye taa, saruji ngumu na walinzi. Spea ina upepo. Unachokosa ni mtu wa kutoa nati moja. Mlete fundi kwa gari, acha kupeleka gari kwa fundi. Fundi wa matairi anayejua kazi anachukua soketi kuukuu iliyo ndogo kidogo kuliko lokinati, anaigongelea kwa nyundo mpaka iume, anafungua. Ikikataa, wapo wanaochomelea nati juu yake, lakini hiyo si ya kufanyia karibu na pampu za mafuta, mwambie aje na nyundo tu. Bodaboda moja kutoka Githurai inamleta na vyombo vyake. Na kabla ya hapo kitafute tena kile kisoketi kwenye kisanduku cha mbele, chini ya spea, ndani ya mfuko wa jeki. Kikipatikana, usiniambie, nitalia.

Ikibidi kuvutwa, swali ni moja kabla ya bei: ni flatibedi? Si "ni mzoefu?", si "umewahi kuvuta Subaru?" Akisema ndiyo, mwambie akutumie picha ya lori. Kisha bei yote, kutoka Roysambu mpaka getini Ruiru, pamoja na kupakia na kushusha, iandikwe kwa ujumbe wa simu kabla gari halijaguswa. Gari likishaning'inia bei ni yake, wewe ni mtazamaji. Piga picha pande zote nne na dashibodi yenye kilomita. Toa vitu vyako. Na mtu yeyote akikupigia simu kutoka nyuma kukwambia gari lanuka, hata kama ni mtoto, hata kama ni mama mkwe wako, simamisha lori hapo hapo.

Mpigie huyo jamaa usiku huu, usingoje kesho akiwa ameshafika na ndoano, maana akishafika utaona haya kumrudisha. Muulize hilo swali moja. Akianza na "dada, usijali", kata simu.

Kumbe uliuliza pia jeki. Yangu ilibaki kwenye matope ya Bypass, ni nyekundu, ukiiona ni yako.