Nikimweleza mteja habari za Yesu, nimehubiri?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama, nauza viazi Uyole, Mbeya. Mteja akikaa kidogo humweleza jinsi Yesu alivyonitoa kwenye pombe. Mwinjilisti wetu amenikataza kusema "nimehubiri". Anasema niseme "nimeshuhudia", maana kuhubiri ni kwa waliowekewa mikono, yaani waliowekwa rasmi na kanisa. Ni kweli?

JIBU: Amina, mama. Kwanza neno lenyewe. "Hubiri" na "habari" ni ndugu, shina lao moja la Kiarabu. Kwa hiyo anayehubiri, kwa asili, ni mwenye habari ya kutoa. Katika Agano Jipya la Kigiriki, moja ya maneno yaliyotafsiriwa hivyo ni kerusso, na picha yake ni ya mpiga mbiu: anasimama penye watu, anatangaza alichotumwa, haongezi lake. (Hapo kwenye kutoongeza, wachungaji wengi tungeanguka mtihani, nami nimo.)

Sasa fungua Marko 5. Yule wa makaburini, aliyekuwa akijikata kwa mawe, alipoponywa aliomba afuatane na Yesu. Akakataliwa, akaambiwa aende kwao akawaeleze watu wake. Mstari wa 20 unasema akaanza kuhubiri katika Dekapoli mambo makuu aliyotendewa. Neno ni lilelile la mpiga mbiu! Hakuna aliyemwekea mikono, chuo cha Biblia hakukiona. Alikuwa na ushuhuda tu, na Marko akauita kuhubiri. Matendo 8:4 nayo inasema waumini waliotawanyika kwa mateso walienda wakilihubiri neno, na mstari wa 1 umeshatuambia kwamba mitume hawakuwamo.

Mwinjilisti wako ana hoja, lakini ameiweka mahali pasipo pake. Paulo anauliza katika Warumi 10:15, watahubirije wasipopelekwa? Mimbari ya Jumapili ina utaratibu wake, kwa kuwa anayesimama pale anasema kwa niaba ya kanisa zima. Hilo usiligombanie. Meza ya viazi haijawahi kuwa mimbari.

Jambo moja dogo. Mtaani "usinihubirie" maana yake ni "usinisimange". Mteja akikuambia hivyo, usibishane naye juu ya Kigiriki. Mpimie viazi vyake, sado ijae vizuri, umwache aende. Kesho atahitaji viazi tena.